Swindon: mji uliolelewa na reli, ukaolewa na Honda, ukapewa talaka 2021

#1 Mlugaluga

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi kwenye uzi wa SGR kuna mdau aliandika kwa kujiamini kabisa kwamba "reli ikishapita, mji unakuja wenyewe". Nilitaka kumjibu palepale nikaona nitateka uzi wa watu. Nimefungua wangu, maana mimi naishi kwenye mji ambao bila reli leo ungekuwa malisho ya ng'ombe, na historia yake nimeisoma kwa miguu.

Nipo Swindon, Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kutoka London ni kama saa moja kwa treni. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Ukimwambia mtu wa London kwamba unaishi Swindon anakuangalia kama umemwambia umefiwa. Mji hauna kasri, hauna bahari, hauna kanisa kuu la kupigia picha. Hata jina lake maana yake ni kilima cha nguruwe, na limo kwenye daftari la kodi la mfalme la mwaka 1086.

Hadi miaka ya 1830 kulikuwa na kamji juu ya kilima, watu kama 2,500 hivi, wana soko lao na mambo yao. Bondeni kulikuwa na tope na mfereji wa kupitishia mashua za mizigo. Basi. Ndipo ikaja kampuni ya Great Western Railway, GWR, inajenga reli kutoka London kwenda Bristol. Mhandisi mkuu alikuwa Isambard Kingdom Brunel. Mkuu wa vichwa vya treni alikuwa kijana anaitwa Daniel Gooch, ambaye alipewa kazi hiyo akiwa na miaka 20. Ndiyo, 20. Mimi umri huo nilikuwa naomba nauli kwa mjomba.

Sasa sikilizeni. Kutoka London hadi hapa, maili 77, reli ni tambarare mno, watu waliiita meza ya biliadi ya Brunel. Ukipita Swindon kuelekea Bristol inaanza miteremko na vilima. Kichwa kinachokimbia vizuri kwenye tambarare si kinachofaa kwenye mlima, kama vile dereva wa lori anavyojipanga upya akifika chini ya Kitonga. Kwa hiyo treni ilibidi isimame hapa ibadilishiwe kichwa. Septemba 1840 Gooch akamwandikia Brunel barua: karakana ijengwe Swindon, mahali reli ya kwenda Cheltenham inapochepuka, na mfereji upo karibu wa kuletea makaa. Januari 1843 karakana ikaanza kazi.

Wenyeji wana hadithi yao. Wanasema Brunel na Gooch walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanakula, Brunel akarusha kipande cha mkate, akasema karakana ijengwe kitakapoangukia. Mimi naamini barua.

Nitaendelea baada ya kula. Siti za mbele bado zipo.

#2 Chuma Chakavu

Naweka kambi hapa. Ila mkuu usitufanyie kama wale wa "itaendelea" halafu unapotea miezi sita.

#3 Mama Tumaini

Uzi wa watu wazima huu. Endelea kaka, mimi nasoma huku napika.

#4 Mlugaluga

Nimerudi, Chuma Chakavu, hata sahani sijaosha.

Karakana imejengwa, mafundi wanatoka kila kona, tena wengi kaskazini ya mbali, hawana pa kulala. Kampuni imeishiwa hela baada ya kujenga reli. Ikafanya dili na wajenzi wanaoitwa Rigby: nyie tujengeeni stesheni na nyumba za wafanyakazi kwa gharama zenu, na sisi tutawapa mgahawa wa stesheni, na kila treni ya abiria lazima isimame hapa dakika kumi.

Tafakarini hilo. Kijiji kizima, nyumba 300 za mawe, kilitegemea njaa ya abiria. Mtu anashuka mbio, ananunua supu inayounguza, kengele inalia kabla hajameza. Kahawa ilikuwa mbaya hadi Brunel mwenyewe mwaka 1845 akamwandikia mwenye mgahawa kwamba ana uhakika hajawahi kuonja kahawa mahali pale, na kwamba siku hizi akipita Swindon hali kitu akiweza kujizuia. Mkuu wa mradi mzima analalamika kwenye kantini yake! Ule mkataba wa dakika kumi uliwabana mpaka mwaka 1895, ambapo kampuni ililipa pauni 100,000 kuuvunja. Treni za haraka zilikuwa zinasimama Swindon miaka zaidi ya hamsini kwa ajili ya supu.

Zile nyumba zipo hadi leo na watu wanaishi. Mitaa imepewa majina ya stesheni, Bristol, Bathampton, Exeter, Taunton, Reading, Oxford. Ukisimama katikati ya mtaa unaona kibaraza kidogo, mlango mdogo, na nyuma kiuchochoro cha kutupia taka. Mimi hupita pale nikitoka kazini usiku. Nyumba ni ndogo mno, na mwanzoni ziliingiwa na familia mbili mbili kwa kukosa nafasi. Homa ziliwachapa.

Hapo ndipo penye kiini cha uzi wangu, kwa yule mdau wa SGR. Reli ilileta watu, kweli. Watu wakajikuta matopeni, daktari hayupo, shule haipo, sehemu ya kusomea gazeti haipo. Mwaka 1844 mafundi wakaanzisha chama chao cha elimu na burudani, kina maktaba ya kuazima vitabu, baadaye 1855 kikapata jumba lake lenye ukumbi wa maonyesho. Mwaka 1847 wakaanzisha mfuko wa matibabu. Kila wiki unakatwa senti kidogo kwenye mshahara, wewe, mke na watoto mnatibiwa. Miaka ikaenda, mfuko ukajenga hospitali ndogo, ukaajiri madaktari wake, ukawa na mtaalamu wa meno, duka la dawa, na mwaka 1892 ukafungua jumba kubwa la mabwawa ya kuogelea, ambalo lilikuja kuwa pia na bafu za mvuke za Kituruki. Fundi wa boila, enzi hizo, anaoga mvuke kwa makato yake!

NHS, ile huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ilipoanza 1948, Swindon ilikuwa imeshazoea jambo hilo kwa miaka mia moja. Watu wa hapa hawachoki kukukumbusha.

#5 Nyuki Mkali

Mkuu unapamba. Nyumba ya kampuni, daktari wa kampuni, treni ya kampuni, mgahawa wa kampuni, na mshahara unakatwa kabla hujaushika. Huku kwetu kwenye mashamba ya mkonge watu wa namna hiyo tuliwaita manamba. Wazungu wakifanya wao kwa wao inakuwa "historia ya kuvutia".

#6 Mlugaluga

Nyuki, umepiga penyewe na wala sikatai. Hata namba walikuwa nazo. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha shaba chenye namba yake, unakichukua unapoingia na kukirudisha. Ukichelewa, kisanduku kimefungwa, umekosa hela ya siku au sehemu yake. Watu waliingia kupitia njia ya chini ya reli, handaki fupi linatokea upande wa karakana. Ukisema "fulani yuko ndani", kwa Kiswindoni maana yake si jela, yuko kazini karakana. Baba yuko ndani, kaka yuko ndani, mtoto akimaliza shule anaingia ndani.

Na king'ora. Kilikuwa juu ya paa, kinaendeshwa kwa mvuke, kinasikika maili kumi na zaidi. Kinalia alfajiri kukuamsha, kinalia kukuambia unachelewa, kinalia kukuambia umeshachelewa. Kuna bwana mkubwa mwenye ardhi, Lord Bolingbroke, alilalamika serikalini kwamba kinamkatisha usingizi. Kikaendelea kulia hadi siku ya mwisho ya karakana, Machi 1986.

Ila tofauti na manamba ni moja, na kwangu ni kubwa. Mfuko wa matibabu uliendeshwa na kamati ya wafanyakazi waliochaguliwa na wenzao. Kampuni ilisaidia, lakini hela ilikuwa ya makato yao na vikao vilikuwa vyao. Walizozana kwenye vikao hivyo kama sisi kwenye vikoba. Manamba hakuwahi kuulizwa daktari gani aajiriwe.

#7 Babu Karakana

Vijana, hamjambo. Nimestaafu reli, miaka thelathini na miwili, sehemu kubwa karakana ya Morogoro. Uzi huu umenikalisha.

Huyo kijana anayesema manamba simlaumu, lakini aliyefanya kazi ya chuma anajua kuna jambo lingine. Unapewa kichwa kimekufa, kimevutwa kuletwa. Mnakifungua, mnakitandaza chini kama ng'ombe wa Idi. Baada ya wiki kadhaa kinatoka mlangoni kwa nguvu zake. Siku hiyo hata mfagiaji anasimama nje kutazama. Hiyo hela haikulipi, lakini huisahau.

Nina maswali. Moja, hao wa Swindon walikuwa wanaunda vichwa wenyewe au kutengeneza tu? Pili, nimewahi kusikia reli ya huyo Brunel ilikuwa pana kuliko za wenzake. Ni kweli?

#8 Mlugaluga

Shikamoo mzee. Heshima kubwa kupata mtu wa kazi humu.

La kwanza, walianza kwa matengenezo, lakini mwaka 1846 walitoa kichwa walichokiunda chote wenyewe, kinaitwa Great Western, kwa wiki kumi na tatu. Baada ya hapo hawakusimama. Ilipofika enzi zake, karakana ilikuwa na watu kama 14,000. Ilikuwa na sehemu ya kusubu chuma, ya boila, ya magurudumu, ya mabehewa, ya kushona viti, hadi ya kutengeneza miguu ya bandia kwa waliokatwa na mitambo. Boila zilipigwa misumari ya chuma kwa nyundo, fundi mmoja ndani, mwingine nje. Wengi walitoka na uziwi wa maisha.

Hapa ndipo vilipotoka vichwa vya mvuke vya aina ya Castle mwaka 1923 na King mwaka 1927. King ya kwanza, King George V, ilipelekwa Marekani mwaka huohuo kwenye sherehe za miaka mia za reli ya Baltimore and Ohio, ikarudi na kengele ya shaba imefungwa mbele. Na kichwa cha mwisho cha mvuke kuundwa kwa ajili ya shirika la reli la Uingereza kilitoka humu Machi 1960, wakakiita Evening Star, nyota ya jioni. Rangi ya kijani, ukanda wa shaba kwenye bomba la moshi, sherehe, hotuba. Mwaka 1965 kikastaafishwa. Miaka mitano tu, mzee wangu. Mvuke ulikuwa umeshapitwa.

Aliyekuwa mhandisi mkuu kwa miaka mingi, Churchward, baada ya kustaafu aliendelea kuishi hapa jirani na reli. Masikio yalikuwa yamechoka. Asubuhi moja ya ukungu, Desemba 1933, alivuka kwenda kukagua taruma lililomtia wasiwasi, treni ikamgonga. Treni ya kampuni yake.

La pili ni kweli kabisa. Brunel alitandika reli ya futi 7 na robo inchi, milimita 2,140. Wenzake karibu wote walikuwa kwenye 1,435, hii ya SGR ya leo. Yake ilikuwa imara na yenye kasi zaidi, lakini alikuwa peke yake. Pale Gloucester aina mbili zilipokutana, mizigo yote ilishushwa behewa moja na kupandishwa jingine kwa mikono.

#9 Babu Karakana

Marahaba mwanangu.

Sasa umenichekesha. Hiyo Gloucester unayosema sisi tunayo, inaitwa Kidatu. Reli ya kati mita moja, TAZARA milimita 1,067. Pungufu ya kiganja. Milimita 67 ndizo zinafanya kontena linyanyuliwe na winchi.

Waliimalizaje?

#10 Mlugaluga

Walishindwa, mzee. Mei 1892, mwisho wa wiki mmoja tu, mafundi njia zaidi ya 4,000 walisambazwa kwenye kipande kilichobaki kuelekea magharibi, wakaisogeza reli moja ndani hadi ikafika 1,435. Jumatatu treni za kawaida zikapita. Vichwa na mabehewa yote ya upana wa zamani yakavutwa hadi Swindon, maana ndipo palikuwa na uwanja. Kuna picha maarufu ya mistari na mistari ya vichwa vimepangwa vinasubiri kukatwa. Waliovijenga ndio waliovikata.

#11 CRV Nyeusi

Sasa wakubwa, mimi niko Nakuru, nimefuata neno Honda kwa kichwa cha uzi na mpaka post ya kumi sijaona Honda. Naendesha CR-V ya 2004. Muuzaji aliniapia kuwa ni gari ya UK. Tufikishe huko bwana.

#12 Chuma Chakavu

Mwenzetu wa Nakuru umekuja na njaa zako kama abiria wa dakika kumi. Subiri supu ipoe.

#13 Mlugaluga

Haya, Honda.

Karakana ilikufa polepole. Dizeli ikaja, shirika likapunguza, kila miaka michache watu wanaondolewa, hadi 1986 wakafunga. Lakini Swindon haikufa kama miji mingine ya viwanda, na sababu ni kwamba ilikuwa imeshatafuta mchumba wa pili kabla wa kwanza hajafa. Miaka ya 1950 kampuni ya Pressed Steel ilifungua kiwanda cha kukandamiza mabati ya magari hapa upande wa Stratton. Kipo hadi leo, ni cha BMW, milango na mabati ya Mini yanatoka humo kwenda Oxford kuunganishwa.

Na mwaka 1985, karakana ikiwa imebakiza mwaka mmoja, Honda wakanunua uwanja wa ndege wa zamani wa South Marston, mahali ambapo wakati wa vita ziliundwa ndege. Walianza kwa ukaguzi wa magari yaliyotoka Japani, 1989 wakaanza injini, 1992 gari zima la kwanza, Accord. Baadaye Civic, CR-V, na Jazz kwa miaka michache.

Jirani yangu alikuwa mle tangu ujana wake, sehemu ya milango. Alinieleza kitu kilichowashangaza wazee waliotoka karakana ya reli. Kule "ndani", msimamizi alivaa kofia yake ya heshima, fundi ana ya kwake, kila mtu anajulikana kwa mavazi. Honda, kuanzia mkurugenzi hadi mtu wa ufagio, wote ovaroli nyeupe. Kantini moja. Nyeupe, kwa sababu doa likionekana mnajua kuna mafuta yanavuja mahali. Jirani anasema wiki ya kwanza alimwagiza mzee mmoja amletee spana, kumbe ni bosi wa Kijapani. Akaletewa.

Mwaka 2009 dunia ilipoyumba walisimamisha uzalishaji miezi minne. Watu walibaki kwenye orodha ya mishahara, wengine wakapelekwa kupaka rangi na kufanya kazi za jamii. Kwa hiyo watu waliamini. Tarehe 19 Februari 2019 walitangaza kufunga. Wafanyakazi 3,500, mbali na wale wa viwanda vya viti na mabomba na kampuni za malori waliokuwa wanategemea kiwanda hicho. Civic ya mwisho ilitoka tarehe 30 Julai 2021.

#14 Nyuki Mkali

Sema ukweli mkuu, walijipiga wenyewe. Hao hao wa Swindon walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya 2016. Kata tawi ulilokalia, ukianguka usimlaumu mti.

#15 Mlugaluga

Zaidi ya asilimia 54 walipiga ya kutoka, ni kweli. Na Honda walikuwa wameshawaambia wabunge mwaka 2017 kwamba malori kama 350 kwa siku yanaingia kutoka Ulaya, na vipuri milioni 2 kwa siku, na hawana ghala la maana la kuhifadhi. Gari linaunganishwa na vitu ambavyo jana vilikuwa Ubelgiji. Foleni ya robo saa pale bandarini inawasikitisha.

Lakini Honda wenyewe walisema sababu ni magari ya umeme, na kuna jambo ambalo wapiga domo wa kambi zote mbili hulisahau. Tarehe 1 Februari 2019, siku kumi na nane kabla ya tangazo, mkataba wa biashara kati ya Japani na Umoja wa Ulaya ulianza kazi. Ushuru wa asilimia 10 kwa magari yanayotoka Japani ukaanza kupungua kuelekea sifuri. Honda alikuja Swindon miaka ya 1980 ili auzie Ulaya akiwa ndani ya uzio. Uzio ukishushwa, ya nini kukaa kwa mtu? Jirani yangu alipiga kura ya kutoka na hajutii. Mkewe alipiga ya kubaki. Hawazungumzii hilo wakila.

#16 Mama Tumaini

Kaka, wewe unasema reli iliacha hospitali na maktaba. Honda wameacha nini? Na sasa watu wanafanya kazi gani? Nauliza kwa sababu mdogo wangu yuko na viza ya mwenzi, wanataka kuhamia huko.

#17 Mlugaluga

Dada, hilo ndilo swali lenyewe.

Honda walilipa vizuri, na walipoondoka walitoa kiinua mgongo cha maana. Jirani alimaliza deni la nyumba. Mwingine mtaani alinunua gari la kambi, yuko Ureno nusu ya mwaka. Kila mtu alipata chake, akaondoka nacho mfukoni. Ukiniuliza kitu gani cha Honda naweza kukushika mkono nikakuonyesha, kwamba hiki kilikuwa chao wote, sina. Lile eneo wamenunua wajenzi wa maghala. Wamebomoa.

Lile jumba la mabwawa na bafu la 1892 bado lipo mtaa wa Milton. Chama cha mafundi, lile jumba la 1855, ndilo linaniuma. Tangu karakana ifungwe limesimama tupu katikati ya kijiji cha reli, madirisha yamezibwa mbao, njiwa wanaingia juu. Karakana yenyewe sehemu moja ni makumbusho, yanaitwa STEAM, sehemu nyingine ni maduka ya nguo za bei ya chini. Unachagua soksi chini ya nguzo za chuma zilizobeba winchi za kunyanyulia vichwa. Mara ya kwanza niliinamisha sauti kama niko msikitini, mwanangu akanicheka.

Kazi sasa ni maghala, ofisi, bima, hospitali. Mimi niliwahi kuwa wa wakala kwenye ghala moja, nisilitaje. Saa kumi jioni unapokea ujumbe, "usije leo". Umeshapika chakula cha kazini, umeshalala mchana ili ukeshe. Hakuna wa kumuuliza, namba inayotuma haipokei simu. Wiki moja ilinitokea mara tatu na kodi ilikuwa Ijumaa. Yule wa 1890 aliyefungiwa kisanduku cha kipande cha shaba angalau alimwona aliyemfungia.

Mdogo wako aje, lakini awe na leseni ya hapa ya udereva. Na hapo tunafika kwenye kipilefti.

#18 Chuma Chakavu

Nilijua tu. Tangu post ya kwanza nilikuwa nasubiri kipilefti, na hukukitaja hata mara moja.

#19 Mlugaluga

Nilikitunza.

Karibu na uwanja wa Swindon Town, wale waliowafunga Arsenal 3-1 fainali ya Kombe la Ligi 1969, kuna makutano ya barabara tano. Mwaka 1972 mtaalamu wa barabara anaitwa Frank Blackmore aliweka vipilefti vidogo vitano vimezunguka kimoja cha katikati. Vidogo unavizunguka kama kawaida, kufuata saa. Lakini cha katikati kinazungukwa kinyume. Kwa hiyo unaingia unakwenda huku, halafu ghafla unajikuta wewe na aliye mbele yako mnazunguka pande tofauti, na wote mko sahihi. Wanakiita cha kimiujiza.

Siku ya mtihani wangu mtahini alinipeleka pale. Nikaingia cha kwanza salama. Cha pili nikasimama kumpisha mama mmoja, mama naye akasimama kunipisha mimi, wa nyuma wakasimama, tukawa kama kwenye salamu za Wasukuma, kila mtu anamsubiri mwenzake amalize. Nikafeli kwa kusita. Mara ya pili nikapita, na siri aliyonipa mwalimu ni hii: usikitazame chote. Tazama kistari cha mbele yako, mpishe wa kulia, nenda. Ajali kubwa pale ni chache, maana kila mtu anaogopa.

#20 Babu Karakana

Hiyo ya kutazama kistari cha mbele yako ndivyo tulivyokuwa tunawafundisha vijana kufungua injini.

Nikuulize moja la mwisho. Likizo walikuwa nazo hao watu?

#21 Mlugaluga

Walikuwa nayo mzee, inaitwa Trip, safari. Ilianza 1849, treni moja kwenda Oxford. Baadaye kila mwaka mwezi Julai karakana inafungwa, kampuni inatoa treni bure, usiku kucha zinaondoka moja baada ya nyingine. Miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wanaondoka watu zaidi ya 20,000. Mji unabaki na paka. Weymouth, mji wa pwani, uliitwa Swindon ya baharini, kwa sababu ukifika ufukweni unakutana na jirani yako uliyemkimbia.

Ila nauli ndiyo ilikuwa bure. Wiki yenyewe haikuwa na mshahara, hadi karibu na Vita ya Pili. Watu wanarudi na mchanga kwenye viatu na hakuna kitu kabatini.

#22 CRV Nyeusi

Mimi bado niko hapa. Nitajuaje kama gari yangu ilitoka huko?

#23 Mlugaluga

Fungua boneti, angalia namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bati la nyuma ya injini. Kama ni ya Japani ni fupi, itaanza na RD na tarakimu, kama RD4 au RD5, kistari, halafu tarakimu nyingine. Kama ni ya Swindon ni ndefu, herufi na tarakimu kumi na saba, inaanza SHS. Za Civic za hapa zinaanza SHH.

#24 CRV Nyeusi

Nimetoka na tochi, mvua inanyesha, watchman ananiuliza kama gari imeibwa kitu. Bati lilikuwa na tope nikapangusa na mkono.

SHSRD8. Kumi na saba, nimehesabu mara mbili.

#25 Mlugaluga

Basi kama ina milango ileile iliyotoka nayo kiwandani, ngoja nikampigie hodi jirani.